Mkataba wa megabiti 50, mafaili ya megabiti 7: kisa cha laini moja ya Lubumbashi

Jina la mteja, la mtoa huduma na tarehe nimeviondoa. Nambari za vipimo ni zile tulizoziandika wenyewe, nyingine nimezizungusha kidogo.

Usuli

Mteja ni kampuni ya uchukuzi na uwakala wa forodha. Ofisi yake ya Lubumbashi hutayarisha nyaraka za malori yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, lakini seva inayotunza nyaraka hizo iko makao makuu, Kinshasa. Lori haliondoki depo mpaka jalada lake lote liwe limeskaniwa na kufika kwenye seva. Jalada la msafara mmoja likiwa na picha za mzigo hufikia megabaiti 180.

Kwa ajili hiyo kampuni ilinunua laini ya Itheneti ya nukta kwa nukta, Lubumbashi hadi Kinshasa, yenye kasi ya uhakika ya megabiti 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ambayo mikataba huiita CIR. Hakukuwa na kasi ya ziada juu yake, wala mgawanyo wa madaraja: sauti, mafaili na barua pepe vyote vilipita katika daraja moja. Poti ya mtoa huduma pale ofisini ilikuwa ya gigabiti 1. Mteja aliunganisha rauta yake kwenye poti hiyo, akaona taa ya kijani, akaanza kazi.

Siku ya kukabidhiwa laini alipewa pia cheti cha kipimo: megabiti 50, upotevu sifuri, muda wa kwenda na kurudi milisekunde 42. Cheti kiliandikwa kuwa kimefuata RFC 2544, waraka wa taratibu za kupima vifaa vya mtandao.

Malalamiko

Miezi miwili baadaye tuliitwa kuichunguza laini. Mkuu wa kompyuta, mtu mzima ambaye kila mtu ofisini anamwita Papa, alitupokea na jedwali alilolijaza kwa mkono: saa, ukubwa wa faili, dakika zilizotumika. Jedwali lile lilitusaidia kuliko grafu zote tulizoonyeshwa baadaye. Jalada la megabaiti 180 lilichukua dakika tatu na nusu hivi, yaani kama megabiti 7 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane). Kwenye laini ya 50 jalada hilo lilistahili kumaliza nusu dakika na ushee.

Simu za ndani nazo, zinazopita laini hiyohiyo, zilikuwa zikikwaruza kila mafaili yanapoanza kupanda.

Mtoa huduma alikuwa ameshakuja mara mbili. Mara zote mbili alichomeka kifaa chake, akapima, akapata megabiti 50 bila upotevu, akafunga tiketi. Mama anayesimamia depo alitusindikiza hadi kwenye kabati la vifaa na kusema: “Mwanangu, hii laini yenu inakimbia wakati wa kupimwa tu.”

Tulicheka. Wiki moja baadaye tuligundua kwamba alikuwa ametupa jibu kamili.

Mfuatano wa matukio

*Siku ya kwanza: grafu na saa.* Tulimwomba mtoa huduma grafu za matumizi. Zilionyesha laini haijawahi kuvuka megabiti 15, na kwamba saa ambazo Papa aliziandika kuwa mbaya zaidi zilikuwa tulivu kabisa. Mabishano yakaanza kunoga, mpaka kijana mmoja wa timu yetu alipokumbuka kwamba grafu zinatoka Kinshasa. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Saa 3 asubuhi ya Papa ilikuwa saa 2 kwenye grafu. Tuliposogeza mstari, kila kilio cha Papa kiliangukia juu ya kilima kidogo cha trafiki. Hata hivyo kilima hicho kilikuwa cha megabiti 12 au 15, kwenye laini ya 50. Kwa macho ya mtoa huduma, laini ilikuwa tupu.

Hapo kuna mtego wa pili: kila nukta ya grafu ilikuwa wastani wa dakika tano. Kinachotokea ndani ya milisekunde mbili hakiwezi kuonekana humo.

*Siku ya pili: UDP inapita, TCP haipiti.* Tuliweka kompyuta moja kila upande na kutuma trafiki ya UDP, ambayo mtumaji wake hasubiri majibu, kwa megabiti 45, ikiwa imepangwa kwa mwendo sawa. Upotevu: sifuri. Tukatuma TCP, ambayo hubeba mafaili, husubiri majibu na hutuma upya kilichopotea, mkondo mmoja: megabiti 7 hadi 8. Tukarudia mara kumi kwa zamu, matokeo yaleyale.

Kwa wengi hapo lawama huhamia kwenye kompyuta za mteja: dirisha la TCP, yaani kiasi cha data kinachoruhusiwa kuwa njiani kabla ya majibu, ni dogo, mfumo ni wa zamani. Tulikagua. Kwa kasi ya 50 na milisekunde 42, TCP inahitaji kuwa na kama kilobaiti 262 njiani kwa wakati mmoja. Madirisha ya mashine zetu yalikuwa makubwa kuliko hapo. Kinasa pakiti kilionyesha kitu kingine: pakiti zilizotumwa upya, tena zikipotea kwa mafungu. Kumi zinafika, thelathini hazifiki, kisha kimya, kisha kumi tena. Kwa wastani wa siku nzima upotevu ulikuwa pakiti mbili kwa kila elfu.

Mbili kwa elfu zinasikika kuwa chache. Kuna hesabu ya mwaka 1997, ya Mathis na wenzake, inayokadiria kasi ya TCP: chukua ukubwa wa data ya pakiti, gawanya kwa muda wa kwenda na kurudi, zidisha kwa 1.22, gawanya kwa kipeuo cha pili cha upotevu. Kwa baiti 1,460, milisekunde 42 na upotevu wa 0.002, jibu ni megabiti 7.6. Papa, kwa saa yake ya mkononi na kalamu, alikuwa amepata 7.

*Siku ya nne: kipimo kipya, jibu la zamani.* Tuliazima kifaa kinachofuata ITU-T Y.1564, pendekezo la mwaka 2011 lililoandikwa mahususi kwa kupima huduma za Itheneti zinapokabidhiwa. Nakiri nilifika pale kifua mbele. Y.1564 hupandisha kasi kwa ngazi hadi CIR, kisha huvuka kwa makusudi ili kuona kama polisi wa mtandao, yaani kisimamizi cha kasi ndani ya swichi, anakata anapotakiwa kukata. Hupima kwa pamoja kasi, upotevu, ucheleweshaji na mtikisiko wa ucheleweshaji.

Laini ilifaulu. Ngazi zote kijani. Tulipovuka CIR, ziada ilikatwa na 50 zikabaki.

Mhandisi wa mtoa huduma, aliyekuwa kwenye simu kutoka Kinshasa, hakusema kitu. Hakuwa na haja.

*Siku ya tano: tunasoma cheti upya.* Nilirudi kwenye cheti cha kwanza, safari hii nikasoma kila mstari. RFC 2544, waraka wa Machi 1999, una vipimo sita: kasi ya juu, ucheleweshaji, kiwango cha upotevu, fremu za mfululizo (fremu ni kifurushi cha Itheneti kinachobeba pakiti), kurudi baada ya kuzidiwa na kurudi baada ya kuwashwa upya. Kwenye cheti chetu vitatu vya mwanzo vilijazwa. Kwenye mstari wa fremu za mfululizo kulikuwa na kistari.

Tukakifanya sisi, kwa namna yetu. Tuliagiza kifaa kitume fremu 43 za ukubwa kamili, zikifuatana bila nafasi, kwa kasi ya poti, gigabiti 1. Kisha kipumzike, kisha kirudie mara kumi kila sekunde. Kwa wastani hiyo ni megabiti 5.2 tu kwa sekunde, sehemu ya kumi ya mkataba.

Upande wa pili zilifika fremu 10 kati ya kila 43.

Polisi na ndoo yake

Anayeijua barabara ya Kasumbalesa ameshaona tofauti kati ya kizuizi kinachokuambia “ngoja” na kile kinachokutoa barabarani. Mtandao una vyote viwili.

Polisi wa trafiki katika swichi ana ndoo ya tokeni. Tokeni huingia ndooni kwa mwendo usiobadilika, hapa megabiti 50 kwa sekunde. Kila fremu inayofika hulipa tokeni kwa kadiri ya baiti zake. Zikiwemo za kutosha, inapita. Zikiwa hazitoshi na mkataba hauna kasi ya ziada, inatupwa palepale. Polisi hana kiti cha kumkalisha mtu. Ujazo wa ndoo ndio mikataba huita CBS, na mkataba wa mteja wetu haukuutaja hata kidogo.

Tulipouliza, na safari hii tukiwa na fremu zetu 10 kati ya 43 mkononi, jibu lilikuja siku hiyohiyo: baiti 12,000. Ulikuwa ujazo uliokuja na kiolezo cha usanidi. Hakuna aliyeuchagua.

Hesabu inakubali yenyewe. Fremu 43 kwa gigabiti 1 huchukua kama nusu milisekunde kupita. Katika nusu milisekunde hiyo tokeni zinazoingia ni za baiti 3,300 hivi. Jumlisha 12,000 zilizokuwa ndooni, unapata kama 15,300. Fremu kamili yenye lebo ya VLAN, alama inayotenganisha mitandao ndani ya Itheneti, ina baiti 1,522. Zinatosha kumi, ya kumi na moja inagonga mwamba.

Kifaa cha kupima hutuma fremu moja, nafasi, fremu moja, nafasi. Ndoo inajaa kati ya fremu na fremu, hata ingekuwa ndogo kama kikombe. Kompyuta ya ofisini haifanyi hivyo. Inapewa faili, inasukuma dirisha zima kwa kasi ya poti, inanyamaza ikisubiri majibu kutoka Kinshasa, inasukuma tena. Ndani ya kimya hicho tokeni zinazomwagika nje ya ndoo iliyojaa hazihifadhiwi kwa ajili ya baadaye.

Na simu je? Simu moja ya G.711, usimbaji wa kawaida wa sauti, hula kama kilobiti 87 kwenye Itheneti, si kitu. Ila polisi huyu hakutofautisha pakiti na pakiti. Faili likishakausha ndoo, pakiti ya sauti inayofika sekunde hiyohiyo inakuta hakuna kitu.

Maamuzi na sababu zake

Njia zilikuwa tatu. Kununua laini kubwa zaidi, jambo ambalo mtu wa mauzo wa mtoa huduma alikuwa tayari kulifanya kabla ya jua kuzama. Kukuza ndoo. Au kuweka foleni upande wa mteja ili trafiki imfikie polisi ikiwa tayari imepangwa.

Ya kwanza tuliikataa kwa sababu ndoo ileile ingebaki na msukumo uleule wa gigabiti 1. Mteja angelipa mara mbili kwa nafuu ndogo.

Ya pili tuliiomba: baiti 125,000, ambazo ni milisekunde 20 za CIR. Mtoa huduma alisita, na sababu yake haikuwa ya kijinga. Ndoo kubwa kwa kila mteja ina maana misukumo mikubwa inayoweza kufika kwa wakati mmoja kwenye swichi zake za ndani, ambazo kumbukumbu yake ni ndogo. Alikubali kwa sharti kwamba mteja naye apange foleni.

Kwa hiyo ya tatu ikawa ya lazima, na binafsi ningeichagua hata bila sharti. Rauta ya mteja iliwekwa ishikilie pakiti na kuziachia kwa mwendo sawa, sauti ikiwa na mlango wake wa mbele.

Kosa letu lilikuwa hapa. Tuliiweka foleni kwenye megabiti 50, nambari ya mkataba, tukaenda kula bukari. Jioni TCP ilikuwa 21. Ndoo ilikuwa bado haijakuzwa, sawa, lakini foleni ilitakiwa kutosha.

Rauta ilikuwa ikihesabu pakiti za IP. Polisi alikuwa akihesabu fremu nzima: kichwa cha Itheneti, lebo ya VLAN na baiti nne za ukaguzi mwishoni, jumla 22 juu ya kila pakiti. Kwenye pakiti ya baiti 1,500 hiyo ni asilimia 1.5. Kwenye pakiti ya sauti ya baiti 200 ni asilimia 11. Megabiti 50 za rauta zilikuwa karibu 51 au zaidi kwa polisi, na kila kilichozidi kilikatwa. Tukashusha hadi 47. Hata pakiti zikiwa na wastani wa baiti 400, 47 ya rauta inabaki 49.6 kwa polisi.

Matokeo

Kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa, mkondo mmoja wa TCP ulifika megabiti 44. Jalada la megabaiti 180 likaingia kwa sekunde 33. Mafungu ya fremu 43 yalipita yote baada ya ndoo kukuzwa. Simu zilinyamaza kukwaruza tangu foleni ilipowekwa sawa, kabla hata ndoo haijaguswa.

Kipimo cha saa 24 cha Y.1564 tulikianza mara mbili. Mara ya kwanza umeme ulikatika usiku, jenereta ikachelewa kushika, na kifaa kikaandika kwamba huduma haikupatikana. Hilo lilikuwa kweli kwa kifaa, si kwa laini. Mara ya pili tulikiunga kwenye betri.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni jedwali la Papa. Bila dakika zake, tungekuwa tunabishana na grafu. Kilichofuata ni kulinganisha UDP iliyopangwa na TCP kwenye njia moja, siku moja. Tofauti kubwa kati ya hizo mbili, njia ikiwa tupu, karibu kila mara inaelekeza kwenye ndoo ndogo au kumbukumbu ndogo ya swichi mahali fulani. Kipimo hicho hakihitaji kifaa cha bei. Kwa anayetaka utaratibu kamili wa upande wa TCP, RFC 6349 ya mwaka 2011 inao, na tungeanza nao tungeokoa siku mbili.

Cheti kilishindwa, lakini si kwa kudanganya. Kila nambari ndani yake ilikuwa ya kweli. RFC 2544 iliandikwa kwa ajili ya kupima vifaa maabara, na RFC 6815 ya mwaka 2012 inasema wazi isitumike kwenye mitandao inayofanya kazi. Bado ndilo jina ambalo wateja huliona kwenye vyeti, na mafundi wengi huruka fremu za mfululizo kwa sababu matokeo yake hayana rangi ya kijani wala nyekundu. Ni nambari tu, na nambari inayohitaji maelezo huwa inageuka kistari.

Y.1564 nayo nilikuwa nimeipa sifa isiyo yake. Ni bora kwa mbali kwa kukabidhi huduma: inapima madaraja kadhaa kwa pamoja na inamjaribu polisi kwa kumvuka. Lakini nilivyoiendesha, trafiki ilikuwa laini kama hariri toka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho. Kifaa kilikuwa na hali ya misukumo. Sikuiwasha, kwa sababu fomu ya makabidhiano haikuidai.

Mtoa huduma alikosea kuacha ujazo wa kiolezo. Mteja alikosea kusaini mkataba wenye CIR isiyo na CBS. Anayeandika mkataba kama huu leo aweke nambari zote mbili, na aandike pia kasi inahesabiwa katika tabaka gani: IP, fremu, au waya pamoja na nafasi kati ya fremu. Kwa fremu ndogo kabisa za baiti 64, waya hubeba baiti 84. Watu wawili wakweli wanaweza kutofautiana kwa karibu robo nzima kuhusu laini ileile.

Upande wa kurudi haujakamilika. Trafiki inayotoka Kinshasa kuja Lubumbashi hukutana na polisi wa Kinshasa, na rauta ya huko iko mikononi mwa timu nyingine ya kampuni hiyohiyo, ambayo haijaweka foleni. Ndoo ya upande huo ilikuzwa pia, na kwa hiyo TCP inafika megabiti 31. Tiketi yao ipo wazi. Papa ameanza jedwali jipya, safari hii lina safu mbili za saa: moja ya Lubumbashi, moja ya Kinshasa.